Noto: walihama mlima, tetemeko halikuhama

Usiku wa tarehe 13 Machi 1996, kuba la kanisa kuu la Noto, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, liliporomoka. Likaenda nalo paa la ukumbi wa kati na ubavu wa kulia wa kanisa. Milango ilikuwa imefungwa, hamkuwa na mtu ndani, na hakuna aliyepoteza maisha. Ardhi ilikuwa imetulia. Hapakuwa na tetemeko usiku ule.

Naanza na usiku huo makusudi. Kisa cha Noto kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ushindi: mji uliangamizwa na tetemeko mwaka 1693, watu wakauhamishia mahali pengine, wakaujenga upya kwa uzuri ambao leo UNESCO inautambua kama urithi wa dunia. Yote hayo ni kweli. Ila ukikisoma hivyo tu utaondoka ukiamini kwamba kuhama ndiko kulikouokoa mji. Mimi nimekipitia kisa hiki mara nyingi, na kila mara narudi palepale: kuhama kwa Noto kulihusu barabara, viwanja na hadhi. Suala la tetemeko lenyewe, yaani ukuta utasimama vipi ardhi ikitikisika tena, liliachwa likalala ndani ya nguzo kwa karibu miaka 300.

Juu ya mlima

Noto ya kale ilikaa juu ya mlima Alveria, mlima wenye kilele bapa uliozungukwa na makorongo marefu karibu pande zote. Palikuwa mahali pa kujihami, na historia inathibitisha. Waarabu waliuteka mji huo mwaka 864, na Wanormani walipokuja kuwanyang'anya kisiwa, Noto ilikuwa ngome ya mwisho kusalimu amri, mwaka 1091. Upande wote huo wa kisiwa ukabeba jina la mji, na hadi leo huitwa Val di Noto. Karne zilizofuata makanisa, nyumba za watawa na majumba ya makabaila vikazidi kubanana juu ya mwamba uleule mmoja. Makorongoni chini kulikuwa na maji, na penye maji pana kazi: vinu vya kusagia nafaka, na watengeneza ngozi waliochonga mabeseni ya kulowekea ngozi ndani ya mwamba wenyewe. Mabeseni hayo bado yapo.

Ijumaa usiku, tarehe 9 Januari 1693, ardhi ilitikisika na baadhi ya nyumba zikaanguka. Jumapili mchana, tarehe 11, likaja tetemeko lenyewe. Wataalamu wa leo wanalikadiria kuwa na ukubwa wa 7 na ushei, miongoni mwa makubwa kabisa katika historia ya Italia. Mashariki mwa Sisilia walikufa watu wapatao 60,000. Catania peke yake ilipoteza takriban theluthi mbili ya wakazi wake. Bahari nayo iliinuka ikapiga pwani ya mashariki. Miji na vijiji zaidi ya 40 viligeuka vifusi, na Noto ikiwamo.

Sisilia wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Aliyemwakilisha kisiwani, Duke wa Uceda, alimtuma Giuseppe Lanza, Duke wa Camastra, kusimamia maeneo yaliyoharibiwa. Camastra hakuwa mgeni wa kazi hiyo: miaka kama kumi kabla, kijiji cha Santo Stefano kilipoharibiwa na maporomoko ya udongo, yeye ndiye aliyekianzisha upya mahali pengine kwa mpango wa mitaa iliyochorwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Alisaidiwa na mhandisi wa kijeshi, Carlos de Grunenbergh.

Swali lililowakabili lilikuwa lilelile kila mahali: tujenge hapa hapa au tuhame? Majibu yakatofautiana. Catania ilibaki palepale, lakini Camastra akaagiza mitaa mipana na viwanja vikubwa ili siku nyingine watu wapate pa kukimbilia kuta zikianguka. Avola ilishuka kutoka mlimani hadi karibu na bahari, ikachorwa kwa umbo la pembe sita na Mjesuiti Angelo Italia. Wakazi wa Occhiolà walihamishwa na mwenye ardhi yao, Carlo Maria Carafa, Mwanamfalme wa Butera, wakaanza mji mpya wa Grammichele mwezi Aprili 1693, miezi mitatu tu baada ya maafa. Nao ni wa pembe sita, uwanja katikati na mitaa ikitoka humo.

Kwangu mimi jibu la Ragusa ndilo lenye uaminifu mkubwa kuliko yote. Huko watu hawakuafikiana, na hawakujifanya wameafikiana. Walioona heri kuhama walipanda kwenye uwanda wa juu wakachora mitaa iliyonyooka. Waliokataa walibaki penye magofu, wakajenga upya juu ya misingi ya zamani, kwenye vichochoro vilevile, mahali panapoitwa Ibla. Ikawa miji miwili inayotazamana ng'ambo ya bonde, na hatimaye ikaunganishwa rasmi kuwa mmoja mwaka 1926.

Kura iliyowekwa kando

Noto nayo haikuafikiana, lakini huko upande mmoja ulishinda.

Mahali palipochaguliwa ni mteremko wa kilima cha Meti, kilomita zipatazo 8 kutoka mlima Alveria, kuelekea baharini. Hebu pima umbali huo na ukubwa wa maafa yenyewe. Tetemeko lililobomoa Catania, Noto na Ragusa kwa siku moja haliwezi kukwepwa kwa kusogea kilomita 8. Hata watu wa 1693, bila chombo chochote cha kupimia, waliona kwa macho yao kwamba miji ya milimani ilianguka na ya pwani ikaanguka. Kwa hiyo sababu ya kuhama tuitafute pengine, na si vigumu kuipata. Mlima uliowafaa watu zama za mikuki ulikuwa umekuwa kero zama za mizinga na magari ya kukokotwa. Makorongo yaliyomzuia adui yalimzuia na mfanyabiashara. Kule Meti kulikuwa na nafasi, njia ya kwenda baharini, na mteremko unaotazama kusini ambako kabaila angeweza kujenga jumba lisilobanwa na la jirani. Baadhi ya makabaila na maofisa wa mfalme walilitaka hilo, na jina linalotajwa sana ni la Giovanni Battista Landolina, kabaila msomi ambaye wengi wanampa sifa ya mpango wa mji mpya, pamoja na Angelo Italia yuleyule wa Avola.

Walioumia ni wale ambao mali yao haikuweza kupakiwa kwenye gari. Mtengeneza ngozi hawezi kulihamisha beseni lililochongwa mwambani, na mwenye kinu hahami na mto wake. Kabaila aliyepoteza jumba bado alikuwa na mashamba na kodi za wapangaji, naye angejenga jingine. Fundi aliyepoteza nyumba alikuwa bado na korongo lake, na sasa akaambiwa aliache.

Ubishi ulidumu miaka. Mwaka 1698 wakazi waliulizwa kwa kura, na wengi wakaikataa Meti. Ningependa kila anayeusifu mji huu aukumbuke mwaka huo. Miaka mitano ilikuwa imepita. Kule Meti watawa walishachukua viwanja vyao na misingi ilishachimbwa, huku fedha za wakubwa zikiwa zimezama ardhini. Kura ikawekwa kando, na mwanzoni mwa karne ya 18 ikathibitishwa kwamba mji hautarudi mlimani. Hata masalia ya Mtakatifu Corrado, mkaa-pweke aliyefariki karibu na Noto mwaka 1351 na ambaye mji unamhesabu kuwa mlinzi wake, yalihamishwa. Sanduku lake la fedha leo liko kanisa kuu, na hutembezwa barabarani kila mwezi Februari na Agosti.

Siandiki haya kusema kwamba Meti lilikuwa kosa. Mji wa mlimani ungekuwa na wakati mgumu, na huenda ungekufa polepole. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulifanywa na wachache, na ramani ya mji inalionyesha hilo hadi leo kwa yeyote anayejua kuisoma.

Maana Noto mpya ni miji miwili ndani ya mmoja. Juu, kwenye uwanda, kuna mitaa ya wananchi wa kawaida, imekatwa kwa mraba. Chini, mteremkoni, ndiko kwenye mji wa maonyesho: barabara kuu ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, na viwanja vitatu vilivyotungwa juu yake kama shanga, kila kimoja na kanisa lake kubwa. Wageni hutembea huku chini. Wachache hupanda juu, na wanaopanda hulikuta kanisa la Msalaba Mtakatifu, ambalo uso wake haukumalizika hadi leo. Ndani yake imo sanamu ya marumaru ya Bikira Maria iliyochongwa na Francesco Laurana mwaka 1471, iliyotolewa Noto ya kale. Kitu kimojawapo cha thamani kubwa kilichonusurika mlimani kinakaa nyuma ya ukuta usiomalizika, katika mtaa wa watu ambao wengi wao hawakutaka kuhama.

Jiwe la rangi ya asali

Sasa niseme kuhusu uzuri, kwa sababu ni uzuri wa kweli na walioujenga wanastahili heshima yao.

Mtindo wa baroko, uliotamba Ulaya karne ya 17 na 18, unapenda ukuta unaojipinda na kivuli kinachocheza, na ngazi inayomfanya mtu ajisikie amefika mahali. Noto iliupata mtindo huo ukiwa umekomaa, na ikaupata kwa pamoja. Mji mwingine wa Ulaya una kanisa moja la baroko kati ya majengo ya zama nyingine. Hapa mji mzima ulijengwa upya ndani ya karne moja, na mafundi wa vizazi viwili vitatu wakifuatana. Rosario Gagliardi alitoa kanisa la San Domenico, ambalo uso wake unafura kuelekea barabarani kama tanga lililoshika upepo, na Santa Chiara, ambalo ndani ni la umbo la yai. Vincenzo Sinatra alibuni jumba la manispaa lenye matao kuanzia mwaka 1746. Paolo Labisi aliwajengea watawa.

Barabara kuu ilipangwa mashariki kwa magharibi, hivyo jua hutembea nayo tangu asubuhi hadi jioni, na kuta zilizo upande wa kaskazini wa barabara, zenye kutazama kusini, hupokea mwanga mchana kutwa. Jiwe lenyewe ni chokaa la rangi ya asali. Watu wa huko huliita giuggiulena, jina lilelile la Kisisilia la ufuta, neno walilolipata kwa Kiarabu, kwa kuwa chembe zake zinafanana na ufuta. Likitoka machimboni ni laini, fundi hulichonga karibu kama mti, kisha hewa hulikomaza. Fundi wa pwani yetu aliyechonga matumbawe mabichi ya kuzungushia mlango au mihrabu, Lamu au Kilwa, angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa: unachonga mapema, kisha unaiachia hewa imalize.

Nenda ukasimame chini ya roshani za jumba la Nicolaci. Kila roshani imebebwa na safu ya viumbe vya mawe: simba waliofumbua vinywa, farasi wenye mabawa, nguva, watoto wenye mashavu ya mviringo, kila safu na sura zake. Juu yao kuna vyuma vilivyofurishwa kwa nje kama tumbo. Kwenye nyumba za watawa wa kike madirisha nayo yana vyuma vya namna hiyo, ili masista waliofungiwa ndani waweze kuinama na kutazama barabarani bila kuonekana. Usione vyaelea, vimeundwa: kila kichwa kimoja cha simba ni siku nyingi za mtu aliyekaa juu ya jukwaa la mbao na patasi mkononi. Kila mwezi Mei, tangu mwaka 1980, mtaa huo hutandikwa picha za maua kuanzia chini hadi mlangoni pa kanisa la Montevergine.

Mji ukapata na hadhi iliyotafutwa. Mwaka 1837 Noto ikafanywa makao makuu ya mkoa, cheo ilichonyang'anywa Siracusa, na mwaka uliofuata lango kubwa likasimamishwa kumkaribisha Mfalme Ferdinando wa Pili. Mwaka 1844 likaja jimbo la kanisa. Mwaka 1865 makao makuu yakarudishwa Siracusa, na Noto ikabaki na majumba yake. Mwaka 2002 UNESCO iliandikisha miji minane ya Val di Noto kwa pamoja, Noto, Catania na Ragusa ikiwamo.

Ndani ya nguzo

Turudi kanisa kuu. Lilianza kujengwa miaka ya mwanzo kabisa ya mji mpya, na uso wake ukakamilika mwaka 1776. Linatazama kusini juu ya ngazi pana, mkabala na jumba la Sinatra, na ndiyo picha inayochapwa kwenye kila kadi. Kuba lake lilikuwa limeshaanguka mwaka 1780, na likaharibika tena kwa tetemeko la 1848. Kila mara lilijengwa upya juu ya nguzo zilezile.

Miaka ya 1950 paa la mbao la ukumbi wa kati liliondolewa, likawekwa la zege. Wakati ule zege lilikuwa jibu la kila kitu, na walioliweka bila shaka waliamini wanaliimarisha jengo. Waliupa ukuta wa karne ya 18 mzigo ambao haukuwahi kuombwa kuubeba. Tarehe 13 Desemba 1990, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, tetemeko lilipiga mashariki mwa kisiwa, likaua watu huko Carlentini na kulijeruhi kanisa la Noto. Miaka mitano na miezi mitatu baadaye nguzo za upande wa kulia zikachoka.

Vifusi vilipochambuliwa, siri ikatoka. Kwa nje kila nguzo ilikuwa ya mawe yaliyochongwa vizuri, yenye kingo zilizonyooka. Lakini hayo yalikuwa ngozi tu. Ndani mlijazwa kokoto na mawe ya mviringo ya mtoni, yamemiminwa ovyo kwenye chokaa dhaifu. Jiwe la mtoni ni laini pande zote, halishikani na mwenzake. Ukililundika na kulikandamiza kutoka juu, linasukuma kwenda pembeni, nayo ngozi ya nje inatanuka kidogo kidogo hadi ipasuke. Na ilikuwa imepasuka zamani: kwenye nguzo ilionekana mipasuko ya wima iliyokuwa imezibwa kwa plasta. Kuna mtu aliyeiona, akaiziba, akapaka rangi.

Hapo ndipo ninapoliona jambo zima. Watu waliotoka kwenye magofu ya 1693, ambao bila shaka walikuwa na maiti wa kuwazika kutoka chini ya kuta za namna hiyohiyo, walijenga nguzo kwa ujazo wa kokoto. Siwashangai sana. Kila shirika la watawa lilikuwa na kanisa lake la kusimamisha na kila kabaila jumba lake, miji ya jirani yote ikijengwa wakati mmoja na kugombea waashi walewale. Fedha na patasi bora zilikwenda kwenye uso wa jengo, panapoonekana. Moyo wa nguzo hakuna atakayeuona. Camastra alipopanua mitaa ya Catania alikuwa angalau akimfikiria mtu anayekimbia. Kuhamia Meti hakukujibu swali hilo wala la ukuta.

Ujenzi mpya uliongozwa na msanifu Salvatore Tringali na mhandisi Roberto De Benedictis. Walikuwa na uamuzi mgumu kuhusu nguzo za kushoto, ambazo zilikuwa bado zimesimama. Zilikuwa za asili na zilistahimili usiku wa 1996, na kwa sheria za uhifadhi kitu kilichosimama huachwa kisimame. Walizipima, wakazikuta na ujazo uleule, na wakazibomoa jiwe kwa jiwe. Naliheshimu sana jambo hilo. Zilijengwa upya zote, za kulia na za kushoto, kwa chokaa na mawe yaliyochongwa hadi ndani, kwa ufundi ambao waashi wa 1700 wangeutambua na uangalifu ambao wao hawakuutumia. Zege la miaka ya 1950 halikurudishwa, paa likarudi kuwa la mbao. Kuba likajengwa kwa mawe, na baadaye mchoraji Oleg Supereco akalichora kwa ndani.

Milango ilifunguliwa tarehe 18 Juni 2007, miaka kumi na moja baada ya usiku ule. Umbo ni lile la mwanzo, vipimo ni vile vya zamani, na ukiegemea nguzo ya kulia kisha ukavuka ukumbi ukaegemea ya kushoto, huwezi kujua ipi iliyoanguka na ipi iliyobomolewa kabla haijaanguka.